Mwanangu anaonewa shuleni na kanikataza nisiende, nifanyeje?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Mbagala, nalifupisha. Mwanae wa kiume ana miaka 11, yuko darasa la tano shule ya msingi ya serikali, na ana kigugumizi tangu mdogo. Tangu shule zifunguliwe anarudi na njaa ya ajabu wakati kila siku anapewa elfu moja ya kula, shati limeng'oka vifungo mara mbili, na siku hizi akifika tu anatupa begi mlangoni anakimbilia chooni. Juzi ndo kafunguka. Kuna mvulana wa darasa la saba na wenzake wawili wanamsubiri wakati wa breki kwenye kichochoro cha kuendea vyooni, wanamchukulia hela yake, alafu wanamwambia taja jina lako bila kukwama ndo tukuachie upite. Akikwama wanacheka, anaanza upya. Baba yake kamwambia na wewe okota jiwe umpige mmoja, mwanaume haonewi. Mama anataka kwenda shuleni amkamate huyo kijana yeye mwenyewe, au amhamishe mtoto shule kabisa. Na mtoto analia anasema "mama naomba usiende."

Dada yangu, pole sana. Hiyo ya kutajishwa jina imeniuma, nimeisoma mara tatu. Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka 14, sita ya mwisho nikiwa mwalimu wa malezi, na sasa nafanya ushauri nasaha na watoto na wazazi wao, kwahiyo nitakwambia nnachokijua kutoka pande zote mbili za ile meza ya ofisi ya walimu.

Kwanza kuna kitu kikubwa kimetokea nyumbani kwako na nahisi hasira imekufanya usikione vizuri: mtoto kakwambia. Watoto wengi hawasemi, wengine wanamaliza la saba hawajasema. Huyu wako kasema, na papo hapo kakuomba usiende, na wazazi wengi wakisikia hivyo wanadhani ni woga tu wa kitoto. Sio woga tu, mtoto ana hesabu zake. Ameshaona wenzake waliosema nini kiliwapata. Mimi nimeshuhudia mama akiingia asubuhi watoto wako paredi, kajifunga khanga kiunoni, akamshika mtoto wa watu sikio mbele ya shule nzima, na ukimuuliza yeye atakwambia nilimtetea mwanangu, na kweli alimtetea, ila mwanae kuanzia siku ile akawa na jina jipya na wale waliokuwa watatu wakawa darasa zima. Yule mtoto hakumwambia tena mama yake kitu chochote. Nilikuwa namuona anakaa peke yake nyuma ya darasa anakula andazi lake haraka haraka.

Kwahiyo kila utakachotaka kufanya kuanzia leo, kipime hivi: je kitamfanya mwanangu ajute kuniambia? Kama jibu ni ndio, tafuta njia nyingine, hata kama hiyo ya kwanza ingekutoa wewe hasira zako zote.

Alafu niseme na hili maana najua utaenda shuleni na kuna mtu atakujibu "aah mama, watoto hao, wanataniana." Huu sio utani. Dan Olweus, mtafiti aliyefanya kazi yake kubwa kule Norway tangu miaka ya 1970, aliweka vigezo vitatu ambavyo mpaka leo ndo vinatumika duniani: inafanywa kwa makusudi, inajirudia, na nguvu hazilingani. Watoto wawili wa darasa moja wakigombania mpira wakapigana hayo ni magomvi, unawaamua yanaisha. Watatu wa darasa la saba wakimsubiri wa darasa la tano sehemu ileile, saa ileile, siku baada ya siku, ni uonevu, vigezo vyote vitatu vipo. Yashike haya maneno, yatakusaidia ofisini. Na usione aibu kama vile ni balaa la nyumba yako peke yako, UNESCO mwaka 2019 walitoa ripoti kutoka nchi nyingi duniani, karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa na wenzake ndani ya mwezi mmoja uliopita.

Sasa lile jiwe. Naomba umwambie baba yake kwa upole kwasababu najua analisema kwa uchungu, hakuna baba anayefurahi kusikia mwanae anachezewa hivyo. Lakini angalia inavyokuwa. Mtoto wa miaka 11 peke yake, mbele yake watatu wakubwa. Akirusha jiwe likakosa atapigwa vibaya kuliko siku zote. Likimpata jicho, basi yale yote ya nyuma yanafutika, ofisini mwanao ndo mkosaji, na hao watatu wanakuwa mashahidi. Na likishindikana kabisa, yani akaenda pale akaliangalia jiwe mikono ikatetemeka akaliacha chini, anarudi nyumbani na aibu mbili, ya kuonewa na ya kumuangusha baba. Hiyo ya pili ndo inamfunga mdomo. Nimekaa na wavulana wengi sana waliosema "nilimwambia baba akaniambia nipigane, nikashindwa, nikaacha kumwambia."

Kabla ya kwenda popote unahitaji kujua zaidi, na hapa ndo wazazi wengi tunakosea, tunamkalisha mtoto kwenye kochi, tunamkazia macho, nani, lini, kwanini hukusema, kwanini hukukimbia. Mtoto wa namna hiyo, tena mwenye kigugumizi, anakwama. Usimkazie macho. Mpe kazi ya mikono mfanye pamoja, chukua sinia la mchele mchambue wote, macho yake yawe kwenye mawe na chuya na wewe yako yawe hukohuko. Mtoto akiwa hatazamwi maneno yanatoka. Na usimuulize "nani kakupiga," muulize njia: kengele ya breki ikilia unatoka mlango gani, unapita wapi, nani anauza mihogo, bomba la maji liko upande gani. Wakati mwingine mimi nawapa karatasi na penseli nawaambia nichoree shule yenu. Kuna mmoja alichora madarasa vizuri, mwembe, bendera, alafu upande wa vyoo akakoleza penseli mpaka karatasi ikatoboka. Sikuhitaji kumuuliza sana.

Na akisimulia usimkate. Akikwama kwenye neno, mngojee, usimmalizie. Akimaliza mwambie maneno mafupi tu: nimekuamini, sio kosa lako, umefanya vizuri kuniambia. Usiseme "ungekuwa unaongea vizuri wasingekuchezea," hata kwa nia nzuri. Hawamuonei kwasababu ya kigugumizi dada, kigugumizi ndo kishikio walichokipata, kesho wangepata kingine, urefu, ufupi, viatu.

Kuhusu ile mbio ya chooni, nadhani umeshaelewa. Anabana mkojo kutwa nzima kwasababu njia ya chooni ndo hiyo ya kina fulani. Nakwambia hivi maana ni dalili ambayo wazazi na hata walimu hawaijui, na mtoto anayebana hivyo kila siku hanywi maji shuleni makusudi, ndo unaona kichwa kinauma, mara U.T.I. Mpeleke apimwe mkojo wiki hii.

Tafuta daftari, lolote, hata la kurasa arobaini. Andika tarehe, saa, sehemu, nani, walifanya nini, nani alikuwepo akaona. "Jumanne, breki ya saa nne, njia ya vyooni, wamechukua 1,000, shati limeng'oka kifungo cha pili kutoka juu." Shati piga picha na simu. Utaniuliza kwanini nijisumbue hivyo, kwasababu mwalimu ana darasa lenye watoto mia na kitu, ukimwambia "wanamuonea mwanangu kila siku" atakujibu nitafatilia na atasahau kabla ya kipindi kinachofata, sio kwa ubaya, ila ukimfungulia ukurasa wenye tarehe sita hawezi kukwambia wanataniana.

Sasa kwenda utaenda. Usimuahidi mtoto kwamba hutaenda, maana hiyo ahadi utaivunja na atajua. Mwambie hivi: "Nitaenda kuongea na mwalimu, ila wewe na mimi ndo tutapanga niende lini, nimuone nani, na niseme nini." Muulize ni mwalimu gani anamuamini, watoto wanajua vizuri sana mwalimu yupi anatunza siri na yupi anasoma kesi za watu paredi. Anza na huyo kama anahusika, au mwalimu wa darasa, au mwalimu wa malezi, na uliza kama shule yenu ina dawati la ulinzi na usalama wa mtoto maana shule nyingi siku hizi zimeanzishiwa. Nenda muda watoto wako madarasani. Usiende asubuhi getini, usiende saa ya kutoka, na usijibizane kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, humo mama wa yule kijana yumo na kabla ya jioni mtaa mzima utakuwa na pande mbili.

Ukifika ongea taratibu, hata kama ndani unawaka. "Mwalimu shikamoo, nimekuja tusaidiane, mtoto wangu anapitia hiki na hiki, nimeandika." Alafu omba vitu ambavyo mwalimu anaweza kuvifanya kweli. Nani atasimama karibu na ile njia ya vyooni wakati wa breki, mwalimu wa zamu au mtu mzima mwingine, sio kiranja, maana nimewahi kukuta kiranja mwenyewe ndo muonevu. Wale watatu wataitwa vipi, mmoja mmoja, bila kuambiwa fulani kasema, mwalimu anaweza kabisa kusema tumeona. Na sisi mimi na wewe tunaonana tena lini, ataje siku, andika kwenye daftari mbele yake.

Kuna mambo mawili uyakatae, kwa heshima lakini uyakatae.

La kwanza fimbo. Najua inavyokuwa, mwalimu atataka kukufurahisha, atawaita wale watatu wachapwe na wewe ukiangalia uridhike. Kwa kanuni zetu za Tanzania za mwaka 2002 kiboko hakichapwi na kila mwalimu, ni mkuu wa shule au aliyepewa idhini naye kwa maandishi, na visizidi vinne. Lakini mimi siongelei kanuni, naongelea jioni ya siku hiyo. Yule kijana akitoka pale na mikono inamuwaka, kichwani kwake hajajifunza kwamba uonevu ni mbaya, kajifunza kwamba mwenye nguvu ndo anapiga, ambacho alikuwa anakijua tayari, na njia ya kurudi nyumbani Mbagala haina mwalimu wa zamu. Mwanao ndo atalipa zile fimbo. Waambie wampe adhabu nyingine, arudishe hela mbele ya mzazi wake, abadilishiwe breki, aitwe mzazi wake shuleni na mwalimu, sio na wewe.

La pili ni ile suluhu ya haraka, wanaitwa wote ofisini, haya peaneni mikono, sema samahani, yameisha, rudini darasani. Hii ni ya watoto waliogombana. Kwa mtoto anayeonewa ni mateso, unamsimamisha mita moja kutoka kwa mtu anayemtesa unamwambia ampe mkono na atabasamu, na mbele ya watu wazima atasema ndio nimemsamehe, atafanyaje. Huyu wako atatakiwa na kuongea, na kigugumizi kitamshika hapohapo mbele ya wale wale.

Na kwenda kwa wazazi wa yule kijana moja kwa moja, hapana, sio mwanzo. Kila mzazi akifuatwa mlangoni anamtetea mwanae kwanza, hata wewe ungemtetea. Na usimguse yule kijana wala kumtisha njiani, ni mtoto naye, ukimuwekea mkono sheria itakuja kwako, na mara nyingi sana nimekuta wanaoonea wenzao kuna mtu mkubwa anawaonea wao huko kwao. Simtetei. Anatakiwa azuiwe na watu wazima wanaomhusu, ndo maana nasisitiza mwalimu aite wazazi wake.

Kuna kitu kingine ambacho kimenishinda kukiacha, ni wenzake. Miaka ya nyuma watafiti Kanada walirekodi video watoto wakicheza kwenye viwanja vya shule huko Toronto, wakaja kuona kwamba pale mtoto mwenzao anapoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu unakoma ndani ya sekunde 10. Sekunde kumi. Shida ni kwamba wengi wanasimama wanaangalia. Sasa mwanao anahitaji mmoja au wawili wa kwenda nao breki, chooni, na njiani. Muulize nani anakaa naye dawati, nani anapita njia moja nae. Waalike Jumamosi waje wacheze, wapikie wali wale washibe. Ongea na mama wa mmoja wao. Mtoto anayetembea na wenzake wawili hasumbuliwi kirahisi, na hao marafiki mwambie mwanao hawatakiwi kupigana na mtu, wakiona mambo wanamshika mkono wanasema "twende, ticha anakuita," wanaondoka.

Kwa wiki hizi asibebe hela, mfungie chakula. Najua utahisi ni kama umewaachia wale washinde, ila hela ndo inawafanya wamsubiri kila siku, ikiondoka sababu moja imepungua. Na asifundishwe majibu marefu ya kishujaa, na kigugumizi chake ukimwambia awajibu hivi na hivi unampa mtihani mwingine. Neno moja linatosha, "acha," kwa sauti, alafu miguu iondoke kuelekea walipo watu. Mfanye mazoezi nyumbani kwenye korido, wewe uwe wale watatu, mcheke kidogo wote wawili, alafu mrudie tena.

Ukishaenda shule mpe mwalimu wiki mbili huku unaendelea kuandika. Kila jioni usimuulize "wamekupiga leo?", muulize leo breki ulikuwa na nani. Kama hakuna kilichobadilika, panda kwa mwalimu mkuu, safari hii kwa barua, nakala ubaki nayo, na kamati ya shule ihusishwe. Ikishindikana kuna afisa elimu kata, kuna ustawi wa jamii, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka hata mtu baki anayejua mtoto anavunjiwa haki atoe taarifa, sembuse mzazi. Na 116 ni namba ya simu ya msaada kwa mtoto, bure, unaweza kupiga wewe na anaweza kupiga mwanao mwenyewe, Kenya nao namba ni hiyohiyo. Kama kaumizwa, au wamemgusa sehemu za siri, au kuna kisu au wembe, haya mambo ya wiki mbili yasahau, hospitali kwanza na polisi dawati la jinsia na watoto siku hiyohiyo.

Na ukimsikia anasema maneno kama "bora nisingekuwepo" au "mkiamka mtakuta sipo," au kaanza kukojoa kitandani, halali usiku, hali chakula, kaacha kucheza kabisa, usingoje shule. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa uulizie kitengo cha afya ya akili. Sio kwamba mtoto kachanganyikiwa, ni kwamba mzigo umemzidi na kuna watu wamesomea kuutua. Kule Norway mpaka serikali ikaanzisha kampeni ya kupinga uonevu shule zote mwaka 1983, ni baada ya wavulana watatu kujiua. Nakuomba sana usipuuze maneno ya namna hiyo hata akiyasema anacheka.

Kuhamisha shule, sikukatazi. Kuna shule ambazo umefata ngazi zote na bado wanakwambia mwanao mlaini, hapo mtoe, usiangalie nyuma. Ila isiwe ndo hatua ya kwanza, kwasababu mtoto anaisoma kwamba yeye ndo aliyefukuzwa, na huko aendako anaingia mgeni, hana rafiki, na kile kigugumizi kimeenda nae. Kama itafikia hapo, amuage mwalimu wake na wenzake vizuri, achague shule pamoja na wewe, na kabla ya siku ya kwanza mwalimu mpya awe anajua kwamba asimsimamishe kusoma kwa sauti mpaka amzoee.

Mwisho kuhusu baba. Umeniandikia kwamba tangu aseme lile neno la jiwe hawaongei vizuri yeye na mtoto. Usimwambie umekosea, mpe kazi. Mwambie mwanao anahitaji kumuona baba upande wake, amsindikize shule asubuhi hata mara mbili kwa wiki kama kazi inaruhusu, mpaka getini, amsalimie mwalimu wa zamu kwa jina, amuage mwanae, aondoke. Hao watatu watamuona, hahitaji kuwatazama wala kusema kitu. Na njiani wasiongelee hayo mambo kabisa, waongelee Simba na Yanga, na mtoto akikwama kwenye neno baba atembee taratibu amngojee amalize.